Madam Izibiini na Mbuzi wa Mahafali

Mkinikuta sokoni Babati nachagua nyanya, msinipigie kelele kwa Kiingereza. Nipeni shikamoo yangu, niwape marahaba yenu, Kiingereza kitakuja chenyewe. Nasema hivi kwa sababu juzi kijana mmoja wa bodaboda, mwanafunzi wangu wa zamani, aliniona nimeinamia fungu la nyanya akapaza sauti mpaka wauza dagaa wakageuka: "Madam Izibiini! Tomatoes is being bought!"

"Nyanya ni nyingi, baba," nikamjibu bila kuinua kichwa. "Are. Tomatoes are being bought."

"Sorry, madam!" Akacheka, akawasha pikipiki, akaenda zake.

Ndivyo nilivyo. Nimestaafu, ila ugonjwa wa kusahihisha watu haukustaafu pamoja nami. Mchungaji nimemsahihisha, fundi bomba nimemsahihisha, na marehemu mume wangu alikuwa na kawaida ya kunieleza mambo ya maana kwa Kiswahili tu, ili amalize sentensi zake kwa amani. Nilifundisha Kiingereza katika sekondari ya mji huu mpaka nywele zikabadilika rangi, na jina la Izibiini, yaani "is being" niliyokuwa nawaimbia kila siku, nilipewa na wanafunzi wa mwanzo kabisa. Waliofuata walilikuta wakalipokea kama walivyopokea madawati. Mwanzoni lilinikera. Siku hizi nikipita stendi bila kuitwa hivyo, najisikia kama nimesahaulika.

Sasa, kwa nyinyi mnaoanza kufundisha, na nyinyi mnaofundishwa mkidhani simu imemaliza kila kitu, ngoja niwaeleze somo lenyewe kwanza, maana kisa changu kinatoka humo.

Kiswahili chetu kina raha. Ukisema "ng'ombe anakamuliwa", neno moja tu limebeba ng'ombe, limebeba kwamba jambo linaendelea sasa hivi, limebeba na kwamba yeye ndiye anayefanyiwa. Mwingereza mzigo huo anaugawa kwa maneno matatu: "The cow is being milked." Mtoto wa Kiswahili akiyaona yale matatu anahisi kuna mojawapo la ziada, analitupa. Anaandika "The cow is milking." Nilikuwa namuuliza, "Ng'ombe anakamua? Anamkamua nani?" Darasa zima linaangua kicheko, na yeye anacheka. Mwingine anaandika "The cow is milked." Hilo si kosa, lakini maana yake ni nyingine, ni kwamba ng'ombe huyo hukamuliwa, ndiyo desturi yake, leo na kesho. Mimi nataka maziwa yawe yanaingia kwenye ndoo wakati tunaongea.

Nilikuwa nawachorea mafiga ubaoni. Figa la kwanza ni am, is au are, na hilo linabadilika kufuata sufuria: nyanya moja is, nyanya nyingi are, mimi mwenyewe am. Figa la pili ni being, na hilo halibadiliki hata mvua inyeshe. Figa la tatu ni kitenzi, na lazima kitoke safu ya tatu ya lile jedwali la vitenzi mnalolikariri: milked, cooked, sold, taken. Ukitoa figa moja, chakula kimemwagika. Mpaka leo watu wazima wenye vitambi hunisimamisha njiani waniambie, "Madam, mafiga nayakumbuka."

Lakini mafiga peke yake hayatoshi, na hilo sikulijua nilipoanza kazi. Nilikuwa nafundisha kutoka kitabuni. "The ship is being loaded." Watoto wa Sigino na Bonga, ambao chombo kikubwa cha majini walichokiona ni mtumbwi wa ziwa letu, wakanakili meli ile vizuri, wakaisahau vizuri. Siku moja Mwalimu Anselmi, mzee aliyekuwa ametangulia katika somo hili, akaja kukaa nyuma ya darasa langu. Kipindi kilipoisha akaniita dirishani.

"Unaona nini huko nje?"

"Naona mahindi yanaanikwa."

"Nani anaanika?"

Nikaangalia. Upande ule kulikuwa na ukuta, na mtu nyuma yake nilimwona mkono tu, unatawanya mahindi kwenye turubai. "Simwoni," nikasema.

"Na unamhitaji?"

"Simhitaji. Nimeulizwa mahindi."

"Basi, binti yangu. Usiyemwona au usiyemhitaji, mwache. Taja kinachofanyiwa, na utaje kinafanyiwa nini sasa hivi. Hilo ndilo somo. Meli waachie watu wa bandarini."

Kuanzia siku hiyo nikaanzisha zoezi la dirishani. Kila kipindi, mwanafunzi mmoja anasimama dirishani na kuwatangazia wenzake kinachoendelea nje, na anaruhusiwa kutaja anachokiona kwa macho yake tu. "The compound is being swept." "A bicycle is being repaired." Jumamosi niliwapeleka ziwani, wakatazama sato wanavyoparuliwa magamba: "Fish are being scaled." Niliwapeleka mashineni, wakarudi weupe kwa unga: "Maize is being ground." Na mfano nilioupenda kuliko yote ulikuwa wa barabara ya kwenda Dodoma, wakati inajengwa. Vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye kabati la chaki, na mtoto mvivu kupita wote aliweza kusimama dirishani akasema "The road is being built" akapata vema. Lami ilipokamilika mji mzima ulishangilia. Mimi nilifurahi pia, lakini nawaambieni ukweli, niliumia kidogo. Mfano wangu ulikuwa umekufa.

Basi katika watoto wa dirishani alikuwepo Zaituni. Kwenye daftari hakuwa na mpinzani, ila sauti yake ilikuwa ndogo mno. Akisimama dirishani, dawati la mbele lilisikia na la nyuma lilikisia. Baba yake, Mzee Shaabani, ana duka la vitenge na mashuka karibu na soko. Wazee wake walitoka pwani zamani, yeye alizaliwa hapa hapa. Zaituni alipokuwa anamaliza kidato cha nne, niliingia dukani kununua kitambaa cha pazia, na mzee akanivutia kiti.

"Madam, wananiambia matokeo yakiwa mazuri watampangia shule ya mbali. Bweni."

"Yatakuwa mazuri, mzee. Jiandae."

"Hapo ndipo sijaamua. Dukani namhitaji, na mama yake hana binti mwingine. Nitakuja kwenye mahafali nimsikie. Kama hicho Kiingereza kimemkaa sawasawa, aende. Kama anabahatisha, bora abaki nyumbani."

"Utajuaje, na wewe Kiingereza hukijui?"

"Nitajua," akasema, huku anakunja kitambaa changu. "Nitaangalia watu wanavyomsikiliza."

Zaituni alikuwa nyuma ya mapazia ya duka, na alisikia kila neno. Kesho yake alinifuata ofisini akasema, "Madam, naomba mimi niwe kwenye maiki." Hii maiki nieleze. Mkuu wetu wa shule wakati ule alipenda sana wageni waone kazi. Mwaka huo alitaka Kiingereza kisikike tangu mgeni anapoingia getini, nami nikashauri tuhamishie zoezi la dirishani kwenye spika. Dirisha la darasa la kidato cha nne lilikuwa mlimani kidogo. Ukisimama pale unaona geti, unaona turubai la wageni, unaona na jiko nyuma. Mwanafunzi atasimama na maiki na kutangaza kila kinachofanyika. Mkuu alifurahi mpaka akapiga meza.

"Safi sana, madam! Ila maiki ile ni ya Kiingereza tu. Atakayetia neno moja la Kiswahili, namshusha hapo hapo mbele ya wageni."

Zaituni alifanya mazoezi mpaka sauti ikapasuka ikarudi imekomaa. Mama yake aliniambia mtoto hatangazi tena shuleni tu, anatangaza na nyumbani: chapati zinasukumwa, vyombo vinaoshwa, mdogo wake anaogeshwa na analia.

Siku ya mahafali ikafika. Na hapa, vijana, lazima niseme jambo ambalo nyinyi wa Babati mnalijua toka utotoni ila mgeni anaweza asilielewe. Shughuli ya watu wote kwetu hupikiwa sufuria moja. Mkristo wa Dareda na Mwislamu wa sokoni wanakula nyama ile ile, na kwa sababu hiyo mnyama huchinjwa na Mwislamu, kwa utaratibu wa dini yake, ili pasiwe na mtu wa kusukuma sahani pembeni. Hakuna aliyetuandikia. Tumekuta hivyo. Shuleni kwetu mchinjaji alikuwa Mzee Ramadhani, na alfajiri ya siku ile alikuwa ameshachinja ng'ombe, akaaga, akarudi mjini.

Kufika katikati ya asubuhi wageni wakawa wengi kuliko viti. Mkuu wa shule akamwita mpishi wetu, Baba Tluway, akamwambia nyama haitatosha, waongezwe mbuzi wawili haraka. Mbuzi wakaletwa. Baba Tluway akawaacha wasaidizi wake na mbuzi, akaenda kusimamia kuni zilizokuwa zinashushwa getini. Wasaidizi wenyewe walikuwa vijana wageni kwenye kazi, wa huko kijijini ambako kila mtu anachinja mbuzi wake nyuma ya nyumba yake na maisha yanaendelea. Walisikia "haraka". La Mzee Ramadhani hakuna aliyewaambia.

Huku mbele mambo yalikuwa matamu. Nilikaa kiti cha pembeni. Spika zikakoroma, kisha ikatoka sauti ya Zaituni, nzito, imetulia.

"The guests are being welcomed."

Makofi.

"Chairs are being arranged under the tent. Flowers are being given to the guest of honour."

Makofi tena, na vigelegele. Mzee Shaabani alikuwa safu ya pili, kanzu imepigwa pasi, anageuza shingo kulia na kushoto. Alikuwa anaangalia watu wanavyosikiliza, kama alivyosema. Mgeni rasmi alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilikuwa nahesabu mafiga: are, being, welcomed. Are, being, arranged. Nikasema kimoyomoyo, huyu mtoto amekwenda bweni tayari.

Kisha sauti ikabadilika kidogo. Ikawa ya haraka.

"A goat is being slaughtered. Mzee Ramadhani is not there. Please! A goat is being slaughtered!"

Watu wakapiga makofi kuliko mwanzo. Safu ya mama zetu wa Bonga ikapiga vigelegele mpaka mmoja akasimama kucheza. Mzee Shaabani naye alisimama, anapiga makofi mikono juu. Mkuu wa shule alinigeukia akaninyooshea dole gumba. Na mimi? Mimi nilikuwa nimeshaweka vema kichwani. Is, being, slaughtered, na kitenzi kile kigumu amekitamka vizuri, nikafurahi. Mimi mwenyewe nilisikia kitenzi, sikumsikia mbuzi.

Spika zikanyamaza. Nilimwona pale dirishani, maiki mkononi, anaangalia jikoni, anamwangalia baba yake, anaangalia tena jikoni. Alijua kabisa neno lake linalofuata litamgharimu nini. Kisha akaikamata maiki kwa mikono yote miwili.

"Jamani, acheni! Msichinje! Mzee Ramadhani hajafika! Baba, mbuzi anachinjwa!"

Sauti ile ndogo ya dawati la mbele, jamani, sijui ilitoka wapi. Ilifika jikoni, ikafika getini, nadhani na stendi waliisikia. Wale vijana jikoni waliganda, kisu hewani. Mbuzi alipoona mikono imelegea akaruka, akapita katikati ya turubai na kamba yake shingoni, akaangusha chombo cha maua, na mgeni rasmi akainua miguu yote miwili kumpisha. Baba Tluway akaja mbio kutoka getini anapiga kelele, "Nani kawatuma? Nani kawatuma nyie? Mnataka watu washinde njaa hapa?" Mwalimu wa hesabu akapanda pikipiki kumfuata Mzee Ramadhani, ambaye alifika ndevu zikiwa bado na maji ya kuoga, akawachinja mbuzi wote wawili kwa utaratibu wake, na kazi ikaendelea.

Lakini mkuu wa shule alikuwa mtu wa neno lake. Vurugu zilipotulia alipanda mpaka darasani, akamnyang'anya Zaituni maiki, akampa kijana mwingine aliyekariri shairi. Nilimfuata.

"Mkuu, mtoto ametuokoa."

"Madam, utaratibu ni utaratibu. Mgeni rasmi amesikia Kiswahili kwenye maiki."

"Mgeni rasmi atakula nyama kwa sababu ya Kiswahili hicho."

Akashuka kurudi kwa wageni. Baadaye sana, siku ya kuagana alipohamishwa, alinikumbusha mwenyewe siku ile akacheka mpaka akafuta machozi. Siku yenyewe hakucheka.

Chakula kikaiva. Watu wote walikula, wa msikitini na wa kanisani, sufuria moja, na kelele za vijiko zilinifurahisha kuliko hotuba zote. Zaituni peke yake hakula. Alikaa kwenye kiti cha mwisho kabisa, sahani ya pilau magotini, haijaguswa. Kwa hesabu yake alikuwa ameshushwa mbele ya baba yake, na shauri limeisha. Nilitaka kumwendea, lakini Mzee Shaabani akaja kukaa karibu yangu na sahani yake.

"Madam, kabla hajapiga kelele kwa Kiswahili, alisema nini kwa Kiingereza?"

"Alisema mbuzi anachinjwa, na Mzee Ramadhani hayupo."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, mzee. Bila kosa hata moja."

Akatafuna polepole. "Na sisi tukapiga makofi."

"Tukapiga."

"Mimi nilisimama kabisa." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha. Akawa anamtazama binti yake kule mwisho. "Nikwambie kilichokuwa kinanitia hofu? Si duka. Duka ningeweka mtu. Niliogopa akienda huko mbali atajifunza maneno ya kupigiwa makofi, arudi ametusahau. Leo amepigiwa makofi, na akaona hayamsaidii mtu, akayaacha. Mbele ya watu wote hawa." Akaweka kijiko chini. "Mwambie ale. Ataenda."

"Mwambie wewe mwenyewe," nikasema.

Akainuka na sahani yake, akapita kati ya viti, akaketi kando ya Zaituni. Nilikuwa mbali, sikusikia neno. Kwa mazoea yangu ya dirishani kichwa kikatunga chenyewe: she is being told. Nikaona Zaituni anaziba uso kwa mtandio, mabega yanatikisika. Kisha akautoa mtandio, akashika kijiko, akala pilau lile mpaka sahani ikawa nyeupe.

Alikwenda. Matokeo yalitoka mazuri, bweni lilikuwa mbali kweli, na sasa ni muuguzi, mama wa watoto, na mumewe naye amezoea kutangaziwa vyombo vinapooshwa. Nyinyi mnaofundisha siku hizi mnaniambia watoto wanabonyeza simu, jibu linatoka. Sawa, nami simu ninayo. Ila wasimamisheni dirishani pia. Na mtoto akiwatangazia jambo, kabla hamjaweka vema, geukeni mwangalie kile anachokiona.

Natamani dirisha lile. Natamani vumbi la barabara kwenye kabati la chaki, na watoto weupe kwa unga wa mashine. Mwalimu Anselmi hayupo tena. Baba Tluway hayupo tena. Mzee Shaabani yupo, macho yamepungua nguvu na duka anaendesha mjukuu, lakini kiti chake hajakiacha. Zaituni alimfundisha sentensi moja ya Kiingereza kabla hajaenda bweni, na mzee hakutaka ya pili. Akisikia viatu vyangu nje ya duka, haulizi nani, anasema tu: "Karibu, madam! Tea is being made!"

Wiki iliyopita nilipita. "Tea is being made!" akasema, huku anapapasa kunitafutia kiti. Chai ilikuwa mezani, imeshapikwa, imeshamiminwa, imeanza hata kupoa. Nikakaa, nikashika kikombe, nikanywa. Sikumsahihisha.